Rangi Kibarazani Majira ya Baridi: Kuchagua Mimea kwa Nyumba za Uingereza

Kwa wengi wetu tunaoishi Uingereza, bustani huisha Septemba. Vyungu vilivyojaa maua kiangazi kizima vinabaki na vijiti vikavu, tuta la mbele ya nyumba linageuka udongo mtupu, na kila kitu kinasubiri Aprili. Miezi sita ya kutazama udongo ni mingi mno, na hakuna anayelazimika kuivumilia. Ipo mimea inayochanua Januari theluji ikiwa imeizunguka, ipo inayobeba matunda mekundu tangu Oktoba hadi Machi, na ipo ambayo fahari yake ni fito tupu zisizo na jani hata moja. Kinachotakiwa ni kuchagua vizuri, na kanuni za kuchagua mimea ya baridi ni tofauti kabisa na zile za kiangazi.

Kubwa kuliko zote ni hii: majira ya baridi mmea haukui. Joto likishuka chini ya nyuzi 6 za Selsiasi hivi, mimea mingi ya huku husimama ilipo. Mwanga nao ni haba. Tarehe 21 Desemba London hupata mchana usiofika saa 8, na Glasgow hupata kama saa 7 tu. Mche wa Mei ukiuachia nafasi ya kiganja utaijaza kwa wiki chache. Mche wa Oktoba, ule unaouona siku ya kuupanda, ndio huo huo utakaouona Februari. Basi usinunue vijimche vidogo ukitarajia vitanenepa. Nunua mimea iliyokwisha kukomaa, ibananishe chunguni mpaka majani yagusane siku hiyo hiyo, na usiondoke mpaka chungu kinapendeza machoni pako. Kama hakipendezi siku ya kwanza, hakitapendeza wakati wa Krismasi.

Kutokana na hilo, mpangilio wa kuchagua unageuka. Kiangazi tunaanza na maua. Majira ya baridi anza na majani, fuatisha matunda na mashina, kisha maliza na maua. Ua la Januari ni zuri sana, lakini wiki moja ya jalidi kali, yaani ule ukoko mweupe wa barafu unaofunika majani alfajiri, inaweza kulilaza chini kwa siku kadhaa. Jani gumu la kijani kibichi au la rangi ya mvinyo linabaki palepale. Chungu chenye majani mazuri na maua machache hakikosi sura. Chungu cha maua matupu kikipigwa na baridi kinakuwa hakina kitu.

Pa kuviweka kwanza, cha kununua baadaye

Kabla ya kwenda dukani, simama ndani ya nyumba utazame nje. Januari hakuna anayekunywa chai kibarazani. Unaiona bustani ukiwa umesimama kwenye sinki la jikoni, au unapotafuta ufunguo mlangoni. Hizo ndizo sehemu mbili zinazostahili vyungu vyako vyote. Sogeza vyungu kutoka mwisho wa bustani uvilete karibu na dirisha, na vilivyobaki vitupu vihifadhi bandani.

Fikiria pia giza. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na tangu hapo mwenye kazi ya mchana hurudi nyumbani usiku umeshaingia. Rangi ya zambarau na nyekundu iliyokolea hupotea kabisa kwenye mwanga hafifu. Nyeupe, njano na krimu ndizo zinazoonekana chini ya taa ya mlangoni. Kwa hiyo mlangoni weka rangi nyeupe na njano, na zile nyekundu ziweke zinapoweza kupigwa na jua la mchana, ambalo majira haya hupita chini sana na kuangaza mashina kutoka nyuma. Mwisho wa wiki ukiwa nyumbani utaona kazi yake.

Na harufu inafanya kazi gizani. Sarcococca confusa ni kichaka kifupi, chenye majani madogo ya kijani yanayong'aa, na maua yake meupe ni membamba kiasi kwamba mgeni hayaoni. Lakini Januari na Februari hutoa harufu tamu kama asali inayomfikia mtu hatua kadhaa kabla hajaushika mlango. Hustahimili kivuli, hustahimili chungu, na hakipukutishi majani. Mimi sijaona mmea mwingine unaotoa kingi hivyo kwa kudai kidogo hivyo.

Soma lebo kabla ya kulipa

Majina ya mitaani huchanganya; jina la Kilatini ndilo la kuamini. Chukua siklameni. Novemba inapoingia, supamaketi zote hupanga siklameni kubwa zenye maua mekundu na ya waridi, nyingi zikiwa Cyclamen persicum. Asili yake ni mashariki ya Mediterania, na huo mkubwa ni mmea wa dirishani, ndani ya nyumba. Uweke nje, na baada ya jalidi kali ya kwanza utakuta vikonyo vimelegea na kulala ukingoni mwa chungu, majani yakiwa laini kama mchicha uliochemshwa. Kuna aina ndogo za jamii hiyo hiyo zinazouzwa kwa ajili ya vyungu vya nje, na mahali palipokingwa huvumilia baridi ya wastani. Lakini ukitaka siklameni ya miaka na miaka, tafuta Cyclamen coum. Ni ndogo, haifiki sentimita 10 kwa kimo, majani yake ya mviringo yamekaa kama sarafu, na maua yake mafupi ya waridi au meupe yana doa jeusi chini ya kila petali. Huchanua kati ya Desemba na Machi, na theluji ikiyeyuka utayakuta maua yako palepale. Yupo pia nduguye, Cyclamen hederifolium, ambaye huchanua mapema kabla ya baridi, kisha hukuachia majani yenye michoro ya fedha hadi majira ya kuchipua.

Kitu cha pili cha kusoma ni kipimo cha ustahimilivu. Royal Horticultural Society, chama cha bustani kilichoanzishwa mwaka 1804, huipanga mimea kuanzia H1 hadi H7. H3 huvumilia mpaka nyuzi 5 chini ya sifuri, H4 mpaka 10 chini ya sifuri, H5 mpaka 15 chini ya sifuri. Mimea ya chunguni ichague daraja moja juu zaidi ya baridi unayoitarajia mtaani kwako. Mizizi iliyo ardhini imefunikwa na udongo usiopoa haraka; ya chunguni hupigwa na baridi kutoka pande zote, na udongo wote wa chungu kidogo unaweza kuganda ukawa jiwe.

Ndiyo maana usiyaonee huruma maua ya kiangazi wakati wa kuyang'oa. Lile ua laini la vyungu vya kivulini, Impatiens walleriana, ni la kwetu, asili yake Afrika Mashariki. Mbegu zake zilifika Uingereza kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 Joseph Hooker wa bustani za Kew akalipa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Halijui jalidi, na halitajifunza. Usiku mmoja tu linageuka maji. Ling'oe Oktoba likiwa bado na sura, udongo ukiwa na vuguvugu, ili mimea mipya ipate wiki tatu nne za kushika mizizi kabla baridi haijakaza.

Chungu cha kivulini na chungu cha juani

Tuanze na kivuli, kwa sababu nyumba nyingi za mijini zina ukuta unaotazama kaskazini na kibaraza kisichoona jua tangu Novemba. Katikati weka Skimmia japonica 'Rubella'. Ni kichaka cha majani manene ya kijani, na kuanzia mwisho wa kiangazi hubeba vishada vya matumba mekundu yaliyokolea ambayo hayafunguki mpaka majira ya kuchipua. Miezi yote ya baridi umepata rangi bila ua hata moja kufunguka. 'Rubella' ni dume, hivyo usingoje matunda kwake. Ukitaka matunda mekundu nunua skimmia jike na uliweke karibu na dume. Pembeni mwake panda Gaultheria procumbens, mmea mfupi wa Amerika Kaskazini wenye matunda mekundu ya duara na majani yanayoingia wekundu kwa baridi. Mimea hii miwili inapatana kwa sababu yote hutaka udongo wenye asidi: nunua mfuko ulioandikwa kuwa ni wa mimea isiyopenda chokaa. Ukiipanda kwenye udongo wa kawaida na kuimwagilia maji ya bomba yenye chokaa nyingi, kama yalivyo maji ya London, majani yatapauka na kuwa ya njano. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, yatakutosha. Ukingoni achilia mmea mdogo wa kutambaa wa Hedera wenye majani ya kijani na krimu uning'inie, na chungu kimekamilika.

Cha juani ni rahisi zaidi. Hapo ndipo pa Erica carnea, jamii ya ile mierika mirefu inayofunika mteremko wa Kilimanjaro juu ya msitu wa mvua, ingawa hii ya Ulaya haizidi kimo cha goti. Huchanua waridi, nyeupe au zambarau tangu katikati ya baridi hadi Aprili, na haichagui udongo kama ndugu zake. Katika jamii hiyo jihadhari na kitu kimoja: Calluna vulgaris zinazouzwa zikiwa na rangi ya samawati au manjano makali zimepuliziwa rangi. Tazama kikonyo chini, utaona rangi imeshika hata majani na kingo za kopo. Ziache hapo hapo.

Pamoja na Erica weka viola. Wauzaji watakuonyesha zile zenye maua makubwa kama kiganja cha mtoto, na kwenye rafu hakika zinavutia. Chagua zenye maua madogo. Ua kubwa likinyeshewa hujikunja na kushikana kama karatasi iliyolowa. Dogo hukung'uta maji na asubuhi limesimama. Chuma yaliyokwisha kabla hayajafunga mbegu, nayo yataendelea kuchanua kila baridi inapopungua kidogo. Nyuma yake, kwa kimo, nyasi ya Carex yenye rangi ya shaba au ya mistari, ambayo hutikisika upepo ukivuma na kukipa chungu uhai.

Chini ya vyote hivyo kuna ghorofa nyingine. Kabla ya kupanda mimea ya juu, zika vitunguu vya maua: krokasi, Iris reticulata, narsisi fupi za aina ya 'Tête-à-tête'. Kila kimoja kizikwe kina cha mara mbili au tatu ya kimo chake, ncha juu. Vitajipenyeza vyenyewe katikati ya mizizi na kutokeza Februari na Machi, wakati hasa ambapo macho yako yameanza kuchoka na kilichopo.

Kwenye tuta

Mwenye ardhi, hata kama ni ukanda wa mita mbili kando ya uzio, asiishie kwenye vyungu. Kitu cha kwanza kupanda hapo ni Cornus. Kiangazi ni kichaka cha kawaida ambacho hakuna atakayekisifu. Majani yakipukutika Novemba, zinabaki fito: nyekundu kama pilipili kwa Cornus alba 'Sibirica', za njano-kijani kwa Cornus sericea 'Flaviramea', na kwa Cornus sanguinea 'Midwinter Fire' fito huanza njano chini na kuishia rangi ya machungwa na nyekundu nchani. Panda vitatu vya rangi moja pamoja. Kimoja kimoja hakionekani. Na sharti lake ni moja: mwisho wa Machi vikate, uache vijiti vya kimo cha sentimita chache tu juu ya ardhi, kuanzia mwaka wa pili au wa tatu. Wengi mikono huwatetemeka hapo. Lakini rangi hukaa kwenye matawi machanga. Kichaka kisichokatwa huzeeka na kuwa kahawia.

Chini ya hizo fito nyekundu, panda Ophiopogon planiscapus 'Nigrescens', mmea mfupi kama nyasi wenye majani meusi kweli, na katikati yake Galanthus nivalis, yale maua meupe madogo yanayoinamisha vichwa mwisho wa Januari. Nyeupe juu ya nyeusi, nyekundu juu yake. Sijui mpango mwingine wa bustani ya baridi unaozidi huo kwa nguvu, na haudai eneo kubwa. Galanthus iliyochimbwa na kuuzwa ikiwa bado na majani mabichi, Februari au Machi, hushika upesi kuliko vile vitunguu vikavu ambavyo vimekaa dukani muda mrefu.

Helleborus isikosekane. Helleborus niger huchanua nyeupe katikati ya baridi, na Helleborus × hybridus huifuata Februari na Machi kwa rangi zote kati ya nyeupe na zambarau inayokaribia weusi. Nunua ikiwa imechanua, kwa kuwa miche ya mbegu haifanani na picha ya lebo. Maua ya hybridus hutazama chini, hivyo mahali pake bora ni juu ya tuta lililoinuka au kando ya ngazi. Matumba yakianza kutokeza, kata majani yote ya mwaka uliopita, hasa yenye madoa meusi. Maua yataonekana, na ugonjwa hautaendelea.

Kwa mwenye nafasi kubwa zaidi kuna Mahonia × media 'Charity', yenye miale ya maua ya njano tangu Novemba, ambayo kusini mwa Uingereza nyuki-bambi wakubwa huijia hata siku za Desemba. Inakuwa ndefu kuliko mtu na majani yake huchoma, basi isikae kando ya njia wanayopita watoto. Hamamelis nayo hutoa maua kama nyuzi zilizokunjwakunjwa, njano au rangi ya kutu, kwenye matawi matupu ya Januari. Baridi ikizidi nyuzi hizo hujikunja, ikipungua hujikunjua. Ni ghali na hukua polepole. Ukiwa mpangaji ambaye hajui atahama lini, iache.

Ukitaka kuona haya yote kabla ya kutoa fedha, nenda Anglesey Abbey, karibu na Cambridge, au kwenye bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Zote mbili zina bustani maalumu ya majira ya baridi. Nenda Januari mwishoni au Februari, uwe na simu ya kupigia picha lebo. Pale Anglesey Abbey njia huishia kwenye miti ya Betula utilis var. jacquemontii yenye magome meupe, na ukiiona utaelewa kwa nini watu hupanda mti kwa ajili ya gome lake tu.

Kuitunza

Kinachoua mimea ya vyungu majira ya baridi mara nyingi ni maji, baridi hufuata. Udongo uliolowa chepechepe huozesha mizizi isiyokunywa, na ukiganda hupasua chungu, kwa kuwa maji yakigeuka barafu huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Ondoa visahani vyote chini ya vyungu. Inua kila chungu juu ya vipande vya matofali ili matundu yatoe maji. Vyungu vya udongo wa kuchomwa vinavyofaa ni vile vilivyoandikwa kuwa havipasuliwi na baridi. Kinyume chake, chungu kilichosogezwa ukutani chini ya paa kinaweza kukauka kabisa katikati ya wiki za mvua, maana mvua haikifikii. Ingiza kidole mpaka pingili ya pili: pakiwa pakavu, mwagilia asubuhi, siku ambayo hakuna jalidi. Mbolea usitie mpaka Machi.

Usiku wa baridi kali sana vikusanye vyungu pamoja ukutani na uvizungushie plastiki ya mapovu au magunia. Zungushia chungu chenyewe, ambamo mizizi imo. Majani yaache yapumue. Koa hawalali kabisa majira haya, hasa kwenye siku za uvuguvugu. Inua viola zako mara moja moja utazame chini yake.

Wenye watoto wadogo wasikilize hapa kwa makini. Helleborus ina sumu, vitunguu vya Galanthus na narsisi vina sumu na hufanana mno na vitunguu vya jikoni, na yale matunda ya rangi ya machungwa ya Solanum pseudocapsicum yanayouzwa kwa wingi kuelekea Krismasi yana sumu pia, ingawa mtoto atayaona kama nyanya ndogo. Vitunguu vya maua visihifadhiwe jikoni hata kwa usiku mmoja, na Solanum usiinunue kabisa.

Kama Oktoba imekupita, bado unaweza kupanda siku yoyote ambayo ardhi haijaganda wala kujaa maji. Na kama uwezo ni wa mmea mmoja tu mwaka huu, nunua Sarcococca confusa, uipande kwenye chungu kikubwa chenye matundu, uiweke kando ya mlango unaoutumia kila siku. Ukihama nyumba, hama nayo.